Bega langu liliganda miaka miwili: nilipokosea na yaliyonifaa

Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini. Nashona madera, magauni ya harusi, sare za shule na kanzu za watoto, na kazi hii nimeifanya tangu nina miaka 22. Bega la kushoto liliponianza nilikuwa na miaka 51. Naandika haya kwa sababu katika muda wote nilioumwa nilikutana na wanawake watano au sita wa rika langu walioniambia, "Hata mimi mkono wangu ndivyo ulivyo, haunyanyuki," na karibu kila mmoja alikuwa akifanya makosa yale yale niliyoyafanya mimi.

Lilianza Novemba 2022, kwa jambo dogo tu. Nilikuwa nampima mteja. Ukimpima mwanamke kifua, unaizungusha futi mgongoni kwake, mkono wa kushoto unaipokea ncha upande wa pili na kuileta mbele. Hilo nimelifanya maelfu ya mara. Siku ile mkono ulipofika nyuma yake nilihisi kitu kinanichoma ndani kabisa ya bega, futi ikaniponyoka ikaanguka chini. Mteja akauliza, "Vipi tena, fundi?" Nikamjibu nimelalia mkono vibaya.

Jibu hilo nililitumia miezi miwili. Nililala vibaya, nilibeba gunia la mkaa, nilikaa sana kwenye mashine. Kila siku nilikuwa na sababu mpya. Kufikia Januari 2023 nilikuwa siwezi tena kujidanganya, kwa sababu ya usiku. Mchana nilikuwa nafanya kazi na maumivu nayasahau kidogo, lakini nikishajilaza tu, bega linaanza kupwita kama jino bovu. Nikilalia kushoto siwezi, nikilalia kulia mkono wa kushoto unaning'inia mbele na kulivuta bega, nikilala chali kiwiko kinazama kwenye godoro, linauma vile vile. Saa nane za usiku nilikuwa naamka, naenda kukaa kwenye mkeka sebuleni, mgongo ukutani, mkono nimeupakata mapajani kama mtoto mchanga. Hapo ndipo nilipokuwa nikipata usingizi wa nusu saa.

Kuna na yale maumivu ya kushtukiza. Siku moja mkasi uliteleza ukingoni mwa meza ya kukatia, nami bila kufikiri nikaunyakua kwa mkono wa kushoto. Sijui niseme nini. Nimezaa watoto wanne na sikumbuki uchungu ulionipiga namna ile. Miguu iliniishia nguvu, nikakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa, natetemeka, jasho linanitoka, na binti ninayemfundisha kazi akawa amesimama tu hajui anishike wapi. Baada ya dakika mbili tatu ulipoa wenyewe. Kama umewahi kupata maumivu ya aina hiyo, kwamba mkono ukienda ghafla unaona nyota kisha yanashuka, usiyapuuze kama nilivyoyapuuza mimi.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Shangazi alisema ni baridi yabisi, nizime feni usiku. Jirani akasema ni jicho, kwa kuwa mwaka ule nilinunua mashine mpya ya umeme. Shemeji yangu akasema ni shingo. Siwalaumu, kila mmoja alisema kwa mapenzi, na mafuta ya karafuu aliyoniletea shangazi yalinipasha moto nikatulia walau kwa saa moja. Kosa lilikuwa langu, maana katika ushauri wote huo niliuchagua ule uliokuwa mbaya kuliko wote: kwenda kuchuliwa.

Mama mchuaji niliyepelekwa kwake ana sifa, na watu waliotegua vifundo wanamshukuru. Kwangu alichukua shilingi 10,000 kila mara, nami nilikwenda mara nne mwezi wa Februari. Mara ya kwanza na ya pili alichua kwa mafuta tu. Mara ya tatu alianza kuuvuta mkono. Mara ya nne aliniambia nimekaza kwa uoga, mishipa imepandana, lazima ifunguliwe. Akaniwekea goti ubavuni, akaushika mkono juu ya kiwiko, akaupeleka juu kwa nguvu. Nilipiga ukelele watoto wa nyumba ile wakaja dirishani. Kitu kililia ndani ya bega. Yeye akasema, "Hiyo imeachia." Nikarudi nyumbani kwa bajaji nikilia njia nzima, na wiki mbili zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote katika miaka ile miwili.

Baadaye nilielezwa kilichotokea, na nitakieleza hapa mapema ili usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko mwembamba. Katika ugonjwa huu wa bega kuganda mfuko huo kwanza unapata uvimbe wa ndani, unawaka, kisha unakuwa mnene na kujikunyata. Mfuko ukiwa katika ule wakati wa kuwaka, ukiuvuta kwa nguvu unauchochea. Ni sawa na kulifikicha jicho jekundu. Februari bega langu lilikuwa linataka kutulizwa, nami nikalipeleka kwenye mieleka.

Halafu ikaja Ramadhani ya 2023, iliyoanza mwishoni mwa Machi. Kwa fundi wa nguo Ramadhani ndiyo mavuno. Kuanzia Shaabani watu wanaleta vitambaa vya Idi, na mapato ya miezi miwili ile ndiyo yanayolipa ada za Julai. Nilipokea kazi kama kawaida nikijiambia nitajikaza. Nilikuwa nanunua vidonge vya maumivu vya diklofenaki duka la dawa, nameza kimoja wakati wa futari na kimoja wakati wa daku, nashona usiku. Kufika kumi la pili tumbo lilikuwa linaniwaka, kiungulia hakikatiki, na bega halijapungua. Nikaziacha. Dawa hizi si peremende. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo au mwenye presha asizimeze bila kuuliza, na hata mzima asizimeze wiki kwa wiki kwa kujiandikia mwenyewe kama mimi.

Zikiwa zimebaki siku tisa kufika Idi niliwarudishia wateja 23 vitambaa vyao na arubuni zao. Wengine walikuwa wanawake niliowashonea tangu nguo za kuvunja ungo. Mmoja alikasirika, akasema ningemwambia mapema angepata fundi mwingine, na alikuwa na haki. Nilifunga mlango wa kibanda nikakaa ndani nikalia kimya kimya, si kwa maumivu safari hii. Nilikuwa najiuliza kama kazi yangu imekwisha. Kuna uchungu wa bega na kuna huu wa kuona mkono uliokulisha miaka 29 unakukana. Wa pili ule hakuna aliyeniuliza habari zake, nami sikumwambia mtu, hata baba watoto. Ningerudi nyuma ningemwambia siku ile ile.

Baada ya Idi nikaenda zahanati ya binafsi. Wakanipiga eksirei ya bega, shilingi 25,000. Daktari akaitazama, akasema mfupa hauna tatizo. Nilifurahi, nikadhani maana yake sina ugonjwa. Sasa najua kwamba bega likiganda eksirei mara nyingi hutoka safi, kwa sababu kilichoharibika ni ule mfuko, na mfuko haupigiki vizuri kwenye eksirei. Picha ile inafaa kuhakikisha hakuna mvunjiko, bega halijateguka na kiungo hakijalika. Wakanichoma begani sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, shilingi 50,000. Hakuna aliyeniuliza kuhusu sukari. Hawakunipima, nami sikujua kama nilipaswa kusema kwamba mama yangu alifariki na kisukari.

Siku ya tatu nililala usingizi wa kweli, saa tano mfululizo, mara ya kwanza tangu Desemba. Nilimshukuru Mungu nikampigia simu dada yangu Dar es Salaam nikamwambia nimepona. Lakini siku hizo hizo nilianza kupata kiu ya ajabu. Nilikuwa namaliza dumu la maji la lita tano kwa siku, naamka kukojoa mara nne usiku, macho yanaona ukungu nikitaka kutunga uzi kwenye sindano. Nikasingizia joto la Tanga. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi, alikuja kunitazama, akaliona lile dumu la maji pembeni ya kitanda, akatoa kipimo chake mkobani akanitoboa kidole. Ikasoma 17.4. Akanyamaza. Akarudia kwa kidole kingine, ikaja karibu hapo hapo.

Hospitalini walinipima nikiwa sijala, ikawa 9.8, na wakanipima kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ikatoka asilimia 8.9. Kuanzia 6.5 kwenye kipimo hicho ni kisukari, na kuanzia 7.0 ukiwa hujala vile vile. Daktari alinieleza kwa upole kwamba sindano ya steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, ndiyo maana nilizidiwa, lakini ile ya miezi mitatu haikuletwa na sindano. Kisukari kilikuwemo zamani, nami nimekaa nacho bila kujua. Kisha akauliza jambo lililonishangaza: "Mama, hilo bega lina muda gani?"

Nilikuwa sijamwambia habari za bega. Aliona tu nilivyokuwa nikivua koti. Akaniambia bega kuganda huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari huwapata mara nyingi zaidi kuliko wengine, huwakaa muda mrefu zaidi, na wenye matatizo ya tezi la shingo nao wamo. Wajapani, akasema, wanaliita bega la miaka hamsini. Kwa hiyo naomba hili moja lishikwe hata kama mengine yatasahaulika. Bega likianza kukaza bila sababu ya kueleweka, nenda kapime sukari. Pima kabla hujakubali sindano, na kama unacho tayari kisukari mwambie anayekuchoma, ili ujue kujipima siku zinazofuata. Kipimo cha kidole kwetu kilikuwa shilingi elfu mbili tatu. Mimi nilikwisha kutumia karibu laki mbili kabla ya kukipata.

Akanipima bega lenyewe kwa namna ambayo unaweza kujipima nyumbani. Simama, kiwiko kishikize ubavuni, kikunje kama herufi L, halafu jaribu kuupeleka mkono nje kama unafungua mlango. Wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto haukusogea hata upana wa vidole vitatu. Kisha yeye mwenyewe akausukuma taratibu, na bado haukwenda, umegota. Hapo ndipo ilipo tofauti. Aliyechanika mshipa wa bega mara nyingi mwenyewe hawezi kuunyanyua mkono, ila mtu mwingine akimsaidia unapanda. Lililoganda halipandi kwako wala kwa mwingine.

Akanichorea na safari yake. Kwanza ni miezi ya maumivu, ambapo linakaza polepole. Kisha maumivu yanapungua lakini mkono umefungwa. Kisha linaanza kulegea. Jumla mwaka mmoja hadi mitatu. Niliposikia miaka mitatu nilimtazama nikidhani ananitania. Leo nashukuru aliniambia, maana kujua kwamba kuna mwisho ni dawa nusu.

Nikaanza metfomini, dawa ya kisukari, nikapunguza wali na chai ya sukari, nikaanza kutembea jioni. Daktari aliniambia nisilichue wala kulilazimisha bega kwa wakati ule, nifanye mizunguko midogo tu, na nirudi baada ya wiki sita waniunganishe na mtu wa mazoezi tiba. Mimi nikasikia nusu ya kwanza peke yake. Maumivu yalikuwa yameshuka, nami nimetoka kuumizwa, kwa hiyo nikaona bora nisiliguse kabisa. Nikaufunga mkono kwa kanga shingoni, nikawa nashona kwa mkono mmoja na nusu, binti ndiye anayepima wateja. Wiki sita zikawa miezi minne. Kosa langu la pili hili, na ni kinyume cha lile la kwanza. Nililipiga bega wakati linataka kupumzishwa, kisha likataka kutumikishwa nikalilaza.

Kufika Septemba nilikuwa na mkono wa ubao. Niseme wazi mambo ambayo watu hawayasemi, kwa sababu nilidhani ni mimi tu. Sidiria nilikuwa naifungia mbele kisha naizungusha. Kusuka nywele zangu kuliisha, nikawa nasukwa na binti. Kuswali, takbira ilikuwa mkono mmoja unafika sikioni na mwingine unaishia kifuani, na kwenye sijda bega lilikuwa linakataa uzito, nikahamia kwenye kiti. Na chooni. Mkono wa kujisafishia ni wa kushoto, na huo haukuwa ukifika nyuma. Nilikaa miezi nikihangaika na kopo, nimeinama kila namna, naona aibu kama mtoto, mpaka nilipomuuliza mdogo wangu kwa sauti ya chini, naye akaniambia tumia wa kulia dada, ni dharura, osha kwa sabuni, dini haikukusudia kukutesa. Nililia tena siku hiyo, kwa nafuu.

Mambo madogo mengine yaliyonisaidia kipindi hicho: ukivaa nguo, tanguliza mkono mgonjwa, na ukivua uwe wa mwisho kutoka. Niliacha madera ya kuingizia kichwani nikajishonea yenye vifungo mbele mpaka chini. Usiku nililalia kulia huku nimekumbatia mto mnene, mkono wa kushoto umelala juu yake wote, usining'inie. Nikilala chali, kanga iliyokunjwa chini ya kiwiko. Mto huo ulinifaa kuliko vidonge vingi, na hauna gharama.

Mwishoni mwa Septemba 2023 nikaenda kwa fizio, yule mtu wa mazoezi tiba. Kijana mdogo, umri wa mwanangu wa pili, alisomea kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. "Shikamoo mama," akaniketisha, na kabla hajanigusa akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akacheka akasema basi wewe utanielewa haraka. Akauliza: kanzu ukiishona bila kikwapa inakuwaje? Nikamwambia mvaaji akinyanyua mkono kanzu yote inapanda, au inachanika. Kikwapa ni kile kipande tunachokiweka chini ya kwapa ili mkono upate nafasi. Akasema mfuko wa bega nao una mkunjo wake chini, wa ziada, unaofunguka mkono ukipanda. Wako mkunjo huo umejikunyata na kugandana. Hatuuchani, tunaurefusha, kidogo kidogo kila siku, kama unavyokivuta kitambaa kilichorudi baada ya kufuliwa.

Nilikuwa nimezunguka karibu mwaka mzima na hakuna aliyenieleza hivyo. Tangu siku ile sikukosa hata mara moja, shilingi 15,000 kila nilipokwenda, mara moja kwa wiki miezi miwili, kisha kila wiki mbili. Na kazi kubwa ilikuwa nyumbani, mara tatu kwa siku, dakika kumi kumi.

Kwanza nalipasha moto, taulo lililolowekwa maji ya moto na kukamuliwa. Kisha nainama mbele, mkono wa kulia umeshika meza, wa kushoto nauachia uning'inie wenyewe, naubembeza kama ndoo kisimani, mbele na nyuma, pembeni, halafu duara ndogo. Zoezi hili alinieleza ni la zamani, linahusishwa na daktari wa mifupa wa Boston, Ernest Codman, ambaye ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la bega lililoganda mwaka 1934, na ambaye mwenyewe alikiri ni mgumu kuutibu na mgumu kuueleza. Kisha nalala chali, kiwiko ubavuni, nashika mpini wa fagio kwa mikono yote miwili, na mkono mzima unausukuma mgonjwa kwenda nje. Zoezi la kanga lilikuja baadaye: ncha moja inapita juu ya bega la kulia na kuteremka mgongoni, mkono wa kushoto unaishika kwa chini nyuma ya kiuno, wa kulia unavuta juu taratibu.

Na ukuta. Nasimama kuuelekea ukuta, vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu kama buibui mpaka vinapokataa, nahesabu mpaka ishirini, navishusha. Ijumaa kila wiki nilikuwa nachora mstari kwa chaki yangu ya kukatia pale vilipofika, na tarehe pembeni. Mstari wa kwanza, tarehe 29 Septemba, ulikuwa usawa wa kidevu changu. Wa wiki ya pili uliuzidi kwa upana wa kidole kimoja. Wa tatu ulishuka chini ya wa pili.

Kanuni aliyonipa ndiyo niliyoiishi: kuvutika na kuuma kidogo wakati wa zoezi ruksa, lakini kukipita nusu saa na bado linauma, au likikuamsha usiku, umezidisha, kesho punguza. Si kwamba uache. Punguza. Neno hilo ndilo nililolikosa mwanzo. Kati ya kuvutwa kwa goti na kufungwa kwa kanga kuna njia ya katikati, na hiyo huwezi kuijua bila kulisikiliza bega lako kila siku.

Desemba mpaka Februari mistari ilikaa mahali pamoja. Wiki saba, imerundikana kama miraba ya daftari. Nilikata tamaa. Dada yangu akanivuta Dar es Salaam kwa bingwa wa mifupa. Yule daktari alinieleza yanayowezekana: kuujaza mfuko maji kwa sindano ili utanuke, kulazwa usingizi wa dawa na bega kunyooshwa na daktari, au kuingiza kamera kwa tundu dogo na kuukata mfuko uliokaza. Nikamuuliza angekuwa mama yake angemfanyia ipi. Akanitajia utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, wagonjwa 503, uliolinganisha mazoezi pamoja na sindano, kunyooshwa chini ya usingizi, na upasuaji wa tundu. Baada ya mwaka mmoja hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali. Akasema kwa kuwa maumivu yameshuka na sukari bado inatafuta utulivu, angempa mama yake miezi sita zaidi ya mazoezi kwanza. Nauli ya basi na vipimo vilinigharimu kama 180,000, lakini nilirudi Tanga nimetulia. Mwingine anaweza kuambiwa vingine, na iwe hivyo. Bega lake si langu.

Machi 2024, ndani ya Ramadhani nyingine, mstari uliruka. Sikufanya lolote jipya. Vidole vilipanda tu, vikapita usawa wa paji la uso, na wiki iliyofuata vikapita tena. Kipimo cha miezi mitatu wakati huo kilikuwa kimeshuka mpaka 6.9, na sijui kama ndicho kilichosaidia, ila viwili hivyo vilikwenda pamoja. Mwaka ule nilipokea kazi chache za Idi, kumi na mbili tu, na zote nikazimaliza. Yule mama aliyenikasirikia alileta kitambaa chake.

Mkono kupanda juu ndiko kulikorudi kwanza. Kwenda nje kulichelewa mpaka Julai. Kwenda nyuma mgongoni kulikuwa kwa mwisho, na hata leo kidole gumba cha kushoto hakifiki pale cha kulia kinapofika, kimebakiza kama inchi mbili. Sidiria naifungia nyuma. Chooni sina shida. Novemba 2024, miaka miwili kamili, nilimpima bi harusi kifua, futi ikazunguka, mkono wa kushoto ukaipokea ncha upande wa pili, na sikukumbuka kwamba ni jambo la kukumbukwa mpaka nilipokwisha andika namba kwenye daftari.

Mwezi uliopita bega la kulia liliuma usiku mmoja. Daktari alikuwa ameniambia la pili nalo huweza kupatwa, na moyo ulinipasuka. Alfajiri nilijipima sukari, nikasimama mbele ya kioo, kiwiko ubavuni, nikaupeleka mkono nje. Ulikwenda wote. Hata hivyo saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la yule kijana wa mazoezi, nasubiri zamu yangu.